Piano Ilipoziba Kichochoro cha Mkomani

Kichochoro nilikipima. Hilo lijulikane kabla hamjanicheka. Upana wake sentimita 90, kina cha piano sentimita 60; nikajiambia itapita na nafasi ya kusalimiana itabaki. Hata urefu wa piano, sentimita 150, niliuandika daftarini. Kona ndiyo sikuiandika.

Kutoka Mokowe, upande wa bara, ilivuka salama hadi Lamu kwa mashua, imefungwa magodoro mawili, nami nimeikumbatia kama mgonjwa. Gatini wakaipokea hamali sita. Mkuu wao, mzee mfupi, aliiangalia akasema, "Mwalimu, tukifika konani tuisimamishe kama kabati." Nikaruka. Isimamishwe kwa ubavu, na mle ndani mna nyuzi zaidi ya 200? Hamali wanyamaze, mimi nimefika gredi ya 5 ya piano!

Tulipofika konani, nikajipenyeza kwenye pembe ili niisukume. Ikageuka nusu, ikagoma. Ncha zote mbili zimekaba kuta, na mimi nimebaki ndani ya pembetatu, mawe ya matumbawe mgongoni, vibonye tumboni. Hapo hapo ikaadhiniwa alasiri. "Tunarudi," wakasema hamali, wakaenda zao.

Saa kumi kamili, mwanafunzi wangu wa kwanza akafika. Dada mmoja wa makamo, amelipa mwezi mzima, anataka kuimba harusini kwa mwanawe.

"Mwalimu, uko wapi?"

"Huku nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Nikainua mkono juu ya piano, nikampungia.

Sasa, mimi nimelelewa Malindi na mama mwanakwaya, aliyetuimbisha solfa, yaani do-re-mi, kabla ya kutupakulia ugali. Kwake nilijifunza kwamba sauti haianzi kooni. Kwa hiyo wanafunzi wangu huwa nawalaza chali kwanza, kitabu tumboni, wavute pumzi mpaka kitabu kiinuke chenyewe bila mabega kusogea. Nyimbo baadaye. Lakini ningemlaza wapi yule dada, na nyuma yake punda watatu wa mchanga wameshapanga foleni?

"Basi simama, weka mkono tumboni," nikapaza sauti. "Vuta pumzi. Sasa ma-me-mi-mo-mu." Nikabonyeza do. Akaimba. Nikapanda nusu hatua, akapanda. Watoto waliotoka madrasani nao wakapanda. Mwenye punda alipanda pia, na sauti yake, niseme kweli, ilikuwa safi kuliko ya aliyelipa.

Dirisha la juu likafunguka. "Mwanangu!"

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Hiyo ya tatu yalegea."

Nikasikiliza. Mi ilikuwa imeshuka kweli, mashua imeilegeza. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kwamba ameimba lelemama, ngoma ya wanawake, kabla mama yangu hajazaliwa, na kwamba, tukiwa hapo hapo, mwalimu wa maana hafundishi akiwa kizuizini.

Hamali waliporudi walikuta darasa la watu kumi na wanne. Mzee mfupi hakusema neno. Alinitazama tu juu ya piano, macho kwa macho, akingoja. Nikakohoa.

"Labda... tuisimamishe kama kabati?"

"Wazo zuri, mwalimu," akasema, kama analisikia kwa mara ya kwanza.

Wakavuta pumzi kwa pamoja, matumbo yakajaa, bega hata moja halikupanda. Hicho ndicho ninachohangaika kuwafundisha watu mwezi mzima! Kwa "haya, haya, twende" mbili piano ikawa wima, ikazunguka, ikapita. Dakika tatu hivi.

Dada alinisaidia kujipangusa chokaa mgongoni, kisha akauliza kwa adabu kama somo la leo linahesabiwa, maana mwalimu alimwona mkono tu.

Asubuhi yake nikapita kona ile ile kwenda kununua mahamri. Kitoto kimoja kikanitolea ma-me-mi-mo-mu, mi imelegea vilevile kama ya jana, halafu dirisha la juu likauliza, "Mwalimu, umetoka?"