Dominika ya Huruma Ibaki Pale Ilipo

Kila mwaka Pasaka inapokaribia, huibuka tena hoja kwamba sikukuu ya Huruma ya Mungu imewekwa mahali pasipofaa. Wanaoitoa ni Wakatoliki waaminifu, wapenzi wa liturujia, na hawastahili kubezwa. Wanasema kwamba Dominika ya pili ya Pasaka, inapoadhimishwa sikukuu hiyo, ni siku ya kufunga Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, na zamani ilihusishwa na wabatizwa wapya kuvua mavazi yao meupe, na kwamba kuipa jina lililotokana na njozi za mtawa wa Poland, Mtakatifu Faustina Kowalska, ni kuifunika Pasaka yenyewe. Wengine huongeza kwamba huruma hiyo tayari ina siku yake, yaani sherehe ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambayo Papa Pio IX aliieneza katika Kanisa lote mwaka 1856.

Kwa maoni yangu, jibu limo katika Misa yenyewe. Injili yake, Yohane 20:19-31, ilikuwa ikisomwa Dominika hiyo karne nyingi kabla ya Faustina kuzaliwa mwaka 1905. Yesu anaingia milango ikiwa imefungwa, anawapa amani wale wale waliomkimbia, anawavuvia Roho Mtakatifu ili waondolee watu dhambi, kisha anamwalika Tomaso atie mkono ubavuni mwake. Ubavu huo ndio uliotoka damu na maji, na miali miwili ya ile picha inayojulikana ya Yesu wa Huruma, mwekundu na mweupe, haina maana nyingine. Papa Yohane Paulo II alipotangaza jina la Dominika ya Huruma tarehe 30 Aprili 2000, sala na masomo ya siku yalibaki yale yale.

Kinachonikwaza mimi ni novena, yaani sala ya siku tisa ya kujiandaa kwa sikukuu hiyo, kwa kuwa huanza Ijumaa Kuu, na hapo wakosoaji nawaunga mkono. Altare iko bila kitambaa, waamini wametoka kuubusu Msalaba na wanaondoka kimya. Mara mtu anashika kipaza sauti na kuanzisha Rozari ya Huruma, kana kwamba ukimya ule ulikuwa pengo la kuzibwa. (Aghalabu huwa ni mtu mwenye nia njema kabisa.) Novena ni ibada ya hiari, hivyo siku zile za mwanzo ingefaa isaliwe nyumbani, na katika Oktava mapadre wakae zaidi kwenye viti vya maungamo, wakiitumia mamlaka ile waliyopewa Mitume nyuma ya milango iliyofungwa.