Antivirusi ya Windows Yatosha kwa Ofisi Ndogo za Lubumbashi, Mradi Isizimwe

Kazi yangu ya kutunza hesabu hunifikisha katika ofisi nyingi ndogo za Lubumbashi, kuanzia wauza vipuri wa komuni ya Kenya hadi mawakala wa forodha wanaoshughulikia malori ya Kasumbalesa, na baada ya maswali ya kodi, swali ninaloulizwa zaidi ni antivirusi ipi inunuliwe. Jibu langu huwashangaza wengi. Ofisi yenye kompyuta mbili, tatu au tano zinazotumia Windows haina haja ya kununua yoyote, kwa sababu inayo tayari. Microsoft Defender imo ndani ya Windows 10 na Windows 11, haidai malipo ya kila mwaka, na huanza kazi tangu siku kompyuta inapowashwa kwa mara ya kwanza. Kinachonisikitisha ni kwamba katika kompyuta nyingi ninazoketi mbele yake nakuta imezimwa, na aliyeizima ni fundi aliyelipwa kuitengeneza kompyuta hiyo.

Naelewa dharau ilikotoka. Programu hii ilipotolewa mwaka 2006 chini ya jina la Windows Defender, kazi yake ilikuwa kuzuia programu za upelelezi tu, na ni katika Windows 8, mwaka 2012, ndipo ilipokuwa antivirusi kamili. Kwa miaka kadhaa baadaye ilishika mkia katika majaribio. Hali hiyo imepita. Maabara huru zinazopima programu hizi, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, zimekuwa zikiiweka pamoja na zile za kulipia zenye alama za juu, lakini mafundi wetu wengi bado wanasimulia habari za zamani, labda kwa sababu kuuza leseni ya antivirusi kuna faida na kumwambia mteja kwamba tayari anayo hakuna.

Tuanze na mzizi wa tatizo, yaani Windows isiyo na leseni. Mwenye duka hununua kompyuta ya mtumba, fundi huiwekea Windows kutoka kwenye flashi yake kwa dola chache, kisha huifungua kwa kraki, yaani programu ya kuidanganya Windows ijione ina leseni. Defender huitambua kraki hiyo kuwa hatari na kuizuia, jambo ambalo ni haki yake kabisa, kwa maana hakuna ajuaye kilichofichwa ndani ya programu iliyoandikwa na mtu asiyejulikana ambayo inadai kuendeshwa kwa mamlaka yote ya kompyuta. Fundi naye hataki usumbufu, hivyo huzima ulinzi, aendeshe kraki yake, na aondoke. Wapo wanaofanya jambo baya zaidi: huwasha ulinzi tena lakini huacha diski nzima ya C katika orodha ya sehemu zisizochunguzwa. Mwenye kompyuta huona alama ya kijani na kuamini kuwa yuko salama, kumbe mlinzi wake ameagizwa kutoangalia popote. Kwa sababu hiyo, katika kila kompyuta ya kazi, mimi hufungua kwanza ukurasa ulioandikwa Sécurité Windows, niingie katika ulinzi dhidi ya virusi, kisha niteremke hadi orodha ya Exclusions. Kwa ofisi ya kawaida orodha hiyo inapaswa kuwa tupu, na kama ina kitu, aliyekiweka aeleze sababu.

Kuna pia antivirusi za majaribio ambazo huja na kompyuta mpya au huletwa na mtu mwenye nia njema. Programu ya namna hiyo ikiwekwa, Defender hujiweka kando, kwa kuwa antivirusi mbili haziwezi kulinda mlango mmoja bila kugombana. Muda wa majaribio ukiisha, dirisha la kudai malipo hutokea kila asubuhi, karani hulifunga bila kulisoma, na kwa miezi kompyuta hubaki chini ya ulinzi ambao hakuna anayeujua hali yake. Kama huna nia ya kuilipia, iondoe kabisa, uwashe kompyuta upya, kisha uhakikishe kwamba Defender imerudi kazini.

Sasa nieleze kwa nini mtunza hesabu anajitia katika mambo haya. Tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, sheria ya uhasibu inatutaka tuhifadhi daftari na hati zake kwa miaka 10. Katika ofisi nyingi miaka hiyo yote imo ndani ya kompyuta moja iliyo mezani. Virusi vinavyoteka mafaili, vikayafunga kwa msimbo na kudai malipo, haviulizi kama wewe ni benki au ni muuza mabati wa Kampemba. Mwezi Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa kwa siku chache katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi karibu 150, vikidai dola 300 kwa kila mashine. Microsoft ilikuwa imetoa tangu mwezi Machi rekebisho la tundu la Windows ambalo virusi hivyo vilipitia, na kwa hiyo waliokuwa wamelipokea hawakuwa na mlango wazi wa kupitiwa.

Dhidi ya balaa la aina hii, Windows ina kinga ambayo watu wachache sana wanaijua, kwani huja ikiwa imezimwa. Iko katika sehemu ya ulinzi dhidi ya ransomware, yaani virusi hivi vya utekaji, na kwa Kifaransa cha kompyuta zetu imeandikwa accès contrôlé aux dossiers. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha chochote katika folda ya Documents wala ya picha. Nasisitiza mambo mawili. Kwanza, programu nyingi za uhasibu huweka data zao katika folda iliyo nje ya Documents, mara nyingi moja kwa moja kwenye diski ya C au D, na folda hiyo haitalindwa mpaka uiongeze mwenyewe katika orodha. Pili, programu yenyewe ya uhasibu inaweza kuzuiwa siku ya kwanza, nawe ukadhani imeharibika, ilhali inatosha kuiongeza miongoni mwa programu zilizoruhusiwa. Ni usumbufu wa asubuhi moja. Na kinga hii hufanya kazi pale tu Defender ndiyo antivirusi inayotumika, jambo linalonipa sababu nyingine ya kutoharakisha kununua nyingine.

Katika mji wetu njia kubwa ya virusi bado ni flashi. Hati hupelekwa kuchapwa katika sekretariati za umma, ambako kompyuta moja hupokea flashi za watu wengi kwa siku, na inaporudi ofisini folda zimegeuka kuwa njia za mkato huku zile halisi zimefichwa. Anayebofya njia hiyo ya mkato ndiye anayekiamsha kirusi. Kabla ya kufungua chochote, bofya alama ya flashi kwa kitufe cha kulia na uchague kuichunguza kwa Microsoft Defender. Inachukua dakika chache, na karani anaweza kufundishwa mara moja. Kama hati ni ya kuchapwa tu, itume kwa barua pepe na uache flashi nyumbani.

Wasomaji wataniambia kwamba mega za intaneti ni ghali na kwamba antivirusi isiyopata habari mpya ni bure tu. Ni kweli, na orodha ya virusi ya Defender hubadilika mara kadhaa kwa siku. Hata hivyo, Microsoft huiweka orodha hiyo kwenye tovuti yake kama faili moja, ambalo unaweza kulipakua mahali penye mtandao mzuri na kulibeba hadi kwenye kompyuta zote za ofisi. Kufanya hivyo kila wiki si sawa na kuunganishwa siku zote, lakini kunazidi kwa mbali ukimya wa miezi sita. Ukuta wa moto (firewall), unaozuia wageni wa mtandaoni kuingia katika kompyuta, sitaueleza sana: uache ukiwa umewashwa. Akaunti ya msimamizi ibaki mikononi mwa mwenye kazi, na karani apewe akaunti ya kawaida isiyoweza kuweka programu.

Yapo yasiyowezekana kwa Defender wala kwa antivirusi ya dola mia. Barua inayojifanya imetoka kwa msambazaji wako wa Dubai au Ndola, ikikuarifu kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika, haina kirusi ndani yake; dawa yake ni kumpigia msambazaji kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Vivyo hivyo kwa anayepiga simu akiomba namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Na kampuni inayohudumia migodi, yenye kompyuta 40 na mfanyakazi wa informatiki, inahitaji chombo cha kulipia kitakachomwonyesha mashine zote mahali pamoja. Hoja yangu haiwahusu hao.

Fedha ambayo ofisi ndogo ingeitoa kwa antivirusi, mimi ningeiweka katika leseni halali ya Windows na diski ya nje ya kuhifadhi nakala za hesabu, diski inayochomolewa mara nakala ikikamilika, kwa sababu virusi vya utekaji hufunga pia kila kilichochomekwa.

Limebaki suala la Windows 10, ambayo iliacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema itaendelea kuipelekea Defender orodha za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na wapo wanaojifariji kwa habari hiyo, lakini huko ni kubadilisha kufuli kila siku kwenye nyumba ambayo ukuta wake hauzibwi tena. Kampuni inaweza kulipia marekebisho ya ziada, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, gharama ambayo kwa mashine ya mtumba haina maana. Kompyuta isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, naona ihamishiwe kwenye kazi isiyohitaji mtandao, kama kuchapa risiti za kaunta, na daftari za hesabu zihamie kwenye nyingine inayokubali, hata kama nayo ni ya mtumba.