Vigawo vya 61,741,120 vina maana gani?

Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilitupa watu 61,741,120, na matokeo yakatangazwa hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Namba hiyo imetajwa kwenye hotuba na mipango mingi. Je, kuna faida kuichambua kama namba tu, mbali na watu inaowahesabu?

Anayesema ipo huchukua kalamu. Gawa kwa mbili mara sita, unapata 964,705. Gawa kwa tano, kisha kwa saba, inabaki 27,563, na hapo wengi hukwama. Kumbe ni 43 mara 641, zote namba tasa. Tena hiyo 641 si ya kubeza: mwanahisabati Fermat aliamini kwamba mbili kwa kipeo cha 32, ukiongeza moja, ni namba tasa, mpaka mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, alipoonyesha kuwa 641 inaigawa bila baki. Namba ya taifa ina vigawo 112. Ukivijumlisha vyote isipokuwa yenyewe unapata 110,458,688, kwa hiyo imezidiwa na vigawo vyake. Ya Mkoa wa Dodoma, 3,085,625, ni witiri: tano kwa kipeo cha nne, mara 4,937. Vigawo 10 tu, basi.

Mpinzani hacheki. Laiti usiku wa kuamkia 23 Agosti angehesabiwa mtoto mmoja zaidi, tuseme kule Kongwa, tungekuwa na 61,741,121. Mbili, tano, saba, 43 na 641 zote zinatoka, 13 inaingia. Sasa anayedai taifa lina vigawo vingi kwa sababu lina umoja, na Dodoma ni kaidi, ana tofauti gani na mpiga ramli? Nchi ina mikoa 31, na 31 haiigawi namba hiyo. Hakuna mkoa uliodhulumiwa kwa hilo.

Hapo nakubaliana naye. Ninapoachana naye ni pale anapotupa kila kitu kapu moja. Tarakimu nne za mwanzo, 6174, zina sifa aliyoigundua Kaprekar, mwalimu wa India: zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, toa mpangilio wa kinyume, yaani 7641 kutoa 1467, unarudi palepale 6174. Inapendeza, lakini inategemea kuandika kwa msingi wa kumi, na kukaa kwake mwanzoni mwa namba ya sensa ni bahati tu. Vigawo havitegemei maandishi. Iandike kwa namba za Kirumi ukitaka, 641 itaigawa tu.

Kwa hiyo darasani ningeitumia, maana mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameshaisikia redioni. Ila singeiandika peke yake ubaoni. Ningeweka 61,741,121 kando yake, niwaachie wamalizie wenyewe: 13 nimeshaitoa, imebaki 4,749,317.