Kesi ya kukataa kukamatwa: kwanza uliza alikuwa anakamatwa kwa kosa gani

Juzi niliketi kortini kusikiliza kesi ya kijana wa mtaani kwetu anayeuza mayai na smokie pale steji usiku. Shtaka ni moja tu, kumzuia polisi kufanya kazi yake. Shati alilovaa siku hiyo mamake alikuwa amelibeba kwa mfuko wa karatasi, mkono umeraruka kuanzia begani, vifungo viwili havipo. Wakili akamuuliza afisa, ulimwambia unamkamata kwa kosa gani? Afisa akajibu, nilimwambia twende kituoni. Akaulizwa tena, akarudia hayo hayo.

Nyuma yangu watu wakaanza kunong'ona ati huyu loya anatafuta tu njia ya kumtorosha mhalifu, na hapo ndo nikaona lazima niandike, manake utetezi huu wengi hawauelewi kabisa.

Kifungu 253(b) cha sheria ya adhabu ya Kenya kinampata mtu anayemshambulia, anayempinga au anayemzuia kwa makusudi polisi aliye katika utekelezaji halali wa kazi yake, na ukipatikana na hatia unaweza kufungwa hadi miaka 5. Wengi wakifika "kumpinga polisi" wanaachia hapo. Hayo maneno ya mwisho, kwamba polisi awe anafanya kazi yake kihalali, wanayaruka, na kesi yenyewe mara nyingi imelalia hapo. Ni serikali inayofaa kuthibitisha hilo, si mshtakiwa. Kwa hivyo mtu anaweza kukubali mbele ya hakimu kwamba ndio, niliuvuta mkono wangu, na bado akaachiliwa.

Maneno hayo tuliyarithi kutoka Uingereza, na majaji wa huko waliamua kitambo. Kwenye kesi ya Kenlin v Gardiner, miaka ya 1960, vijana wawili wa shule walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kukumbusha wenzao kuhusu mechi ya raga, polisi waliovaa kiraia wakawashuku, mmoja akamshika kijana mkono bila kusema anamkamata, wakapigana naye. Walihukumiwa, halafu rufaa ikawafutia, kwa sababu polisi hana ruhusa ya kumshika mtu ili amhoji tu. Sisi tuna zaidi, tuna Katiba ya 2010, ibara ya 49, inayosema aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. "Twende kituoni" si sababu.

Sasa upande wa polisi nao una uzito wake. Usiku wa manane, steji imejaa, wako wawili tu, hawajui nani ana kisu. Na sheria inamruhusu polisi kukamata bila waranti akiwa na shuku ya maana, hata kama baadaye itabainika alikosea mtu. Hapa ndipo wengi wanajichoma, wanadhani "sina hatia" ni utetezi, kumbe mtu asiye na hatia anaweza kukamatwa kihalali kabisa na akirusha ngumi amejitengenezea kosa. Marekani, Mahakama ya Juu kabisa mwaka 1900, katika kesi ya John Bad Elk, ilitambua haki ya kupinga kukamatwa kusiko halali, lakini tangu hapo majimbo mengi yameifuta haki hiyo, kwa hoja kwamba ugomvi huo uishie kortini, si barabarani. Hoja hiyo naikubali, anayekufa barabarani kwa kawaida si mwenye bunduki.

Lakini kama tunamwambia raia asubiri korti, basi korti iulize kweli. Chaji shiti ikiwa na shtaka moja tu la kupinga kukamatwa, mbona asiulizwe afisa alikuwa anakamata kwa lipi? Kukosekana kwa shtaka lingine peke yake hakutoshi kumwachilia mtu, shuku inaweza kuwa ilikuwepo, ila afisa aje aielezee. Kinachoniuma zaidi ni wale wasiofika hapo. Kesi inaahirishwa, nauli inaisha, biashara imelala, mtu anaambiwa na wenzake wa seli kubali tu ulipe faini uende nyumbani. Anakubali. Halafu siku anatafuta kazi ya ulinzi au udereva anaambiwa alete cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na lile kosa liko pale, la usiku ambao hakuna aliyewahi kumwambia alichofanya. Hilo si jambo dogo, ni riziki ya mtu.

Kijana wetu alikataa kukubali, na kesi inaendelea mwezi ujao.

Ukishikwa, usisukume. Uliza kwa sauti, mbele za watu, nakamatwa kwa kosa gani? Soma namba au jina kwenye yunifomu, sheria inamtaka avae moja lionekane. Kituoni omba namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, ukiumia omba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, na uende hospitali mapema. Na kama shati limeraruka, usilifue wala usilishone.