Sikulia, Nilitangaza

Dereva wa kreni ameshawapa toleo lake, eti nililia. Sikulia. Nilipiga ukelele, tena mmoja tu, ila kipaza sauti kilikuwa mkononi.

Kwa kifupi, kwenye mtambo wa kiwandani kwetu, ule wa kubana chuma cha moto kwa rola mpaka kiwe nondo, tulikuwa tumeng'oa mota kuukuu, ile ya kudai brashi za kaboni kila mara, tukafunga mpya pamoja na kidhibiti chake cha mwendo. Bila chuma ndani, mtambo ulizunguka safi kabisa. Wakubwa wakaalikwa waone nondo ya kwanza, na mimi kwa kuwa nina mdomo, nikapewa kazi ya kuwaeleza.

Nikaeleza haswa! Kwamba bileti, yaani pande refu la chuma la kutengenezea nondo, hutoka tanurini na joto la nyuzi 1,100 na ushee. Kwamba kila rola zikiibana, chuma hurefuka, kwa hiyo rola za mbele lazima ziende kasi kuliko za nyuma. "Zikizubaa kidogo tu," nikasema kwa madaha, "chuma kinakosa pa kwenda. Lakini mtambo huu, waheshimiwa..."

Chuma kikaingia kwenye rola za mbele, zile za mota mpya. Mzigo ukaishtua, nikasikia mngurumo ukishuka. Kidogo mno. (Mafundi mnaosoma, najua mmeshashika vichwa.) Kati ya standi mbili, yaani fremu zinazobeba rola, chuma kikaanza kujikunja. Kikainuka polepole, kwa adabu kabisa, nikadhani kinatania. Kikawa tao. Tao likafika usawa wa kifua, likapita helmeti yangu, na mimi bado nimeachama, mdomo umeishia kwenye "waheshimiwa". Halafu kikachomoka, tambi nyekundu ndefu, ikajisokotea hewani na kujimwaga ng'ambo ya uzio huku cheche zikiruka.

"MAMA NAKUFAAA!"

Spika zote za kiwanda. Mpaka kule kwenye chuma chakavu walisimamisha kazi wakauliza nani kafa.

Swichi ya dharura ikabonyezwa, hakuna aliyeumia hata ukucha, fundo likakatwa kwa gesi, kidhibiti kikarekebishwa, nondo zikatoka. Basi.

Sasa huyo msambazaji habari. Kawaambia nilipanda ngazi ya kreni na kipaza sauti changu? Kweli, nilipanda. Kawaambia nilichokikuta huko juu? Kibanda kimefungwa kwa ndani, nagonga, na yeye kajikunyata chini ya kiti ananijibu, "Pamejaa!"