Siku tisini za Kifungu cha 256

Wanaolalamika kwamba Katiba ya Kenya ni ngumu kupita kiasi kuirekebisha wana hoja ya kusikilizwa. Katika miaka 10 ya kwanza tangu itangazwe rasmi tarehe 27 Agosti 2010, hakuna hata neno moja lake lililobadilishwa, licha ya miswada iliyofikishwa Bungeni na saini zilizokusanywa mitaani. Katiba, wanasema, huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Hati isiyokubali kusahihishwa huwalazimisha watu wa leo kuishi na makosa ya watu wa jana.

Mfano wao mzito zaidi ni kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia. Katiba inataka watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini haikueleza namna ya kuifikia idadi hiyo katika Bunge la Taifa. Marekebisho ya kuziba pengo hilo yalihitaji kura 233 kati ya wabunge 349, yaani thuluthi mbili yao. Mwaka 2016 zilipatikana 195, na mwaka 2019 waliofika ukumbini hawakutosha hata kwa kura kupigwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, ushauri ambao haukufuatwa. Ukiyatazama hayo peke yake, utasema kufuli hili limewafungia nje wenye nyumba.

Mimi nayatazama pamoja na mengine, na ndiyo maana naandika. Mwaka ule wa 2016 zilikosekana kura 38 tu, na waliozinyima ni wabunge wenyewe. Aliyeamua kubaki nje ya ukumbi siku ya kura hakuzuiwa na Sura ya 16, ile inayoweka kanuni za kurekebisha Katiba. Kiwango cha thuluthi mbili kilimtaka afike na apige kura, hakikumtaka zaidi ya hapo.

Katiba ya uhuru ya 1963 nayo ilikuwa ngumu, na kwa baadhi ya mambo ilikuwa ngumu kuliko hii. Marekebisho ya kawaida yalihitaji robo tatu ya kila moja ya mabunge mawili, na yale yaliyogusa haki za raia au majimbo yalihitaji tisa kwa kumi ya maseneta. Tisa kwa kumi! Nimekuwa nikikifikiria kiwango hicho kwa muda mrefu, kwa sababu hakikudumu hata miaka miwili kamili. Mwaka 1965 Bunge lilibadilisha kanuni yenyewe ya kubadilisha Katiba, likakishusha kiwango hadi asilimia 65 kwa kila jambo, na mwaka 1966 Seneti, iliyokuwa imekabidhiwa ulinzi wa majimbo, ikafutwa kwa kuunganishwa na bunge lile jingine. Ugumu ule mkubwa haukuwa na kitu cha kuulinda wenyewe, na hapo ndipo ulipong'olewa.

Mambo mengine yalifuata kwa wepesi. Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipokihama chama tawala cha KANU na kujiunga na KPU, chama cha upinzani, Katiba ilibadilishwa kwa muda wa siku chache ili mbunge anayehama chama apoteze kiti chake, na wabunge na maseneta 29 wakajikuta katika Uchaguzi Mdogo wa Juni mwaka huo. Desemba 1975, Paul Ngei alikuwa amezuiwa na sheria kugombea kiti kwa miaka 5 kwa sababu ya kosa la uchaguzi. Bunge likaurekebisha uwezo wa Rais wa kutoa msamaha ili ufike hadi kwenye makosa ya aina hiyo, Rais akamsamehe, na Ngei akarudi. Katiba ya taifa zima ilifunguliwa na kufungwa tena kwa ajili ya mtu mmoja. Juni 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi yao, na mwaka 1990 wakarudishiwa, kana kwamba uhuru wa mahakama ni koti la kuvuliwa na kuvaliwa. Kabla haijaondoka mwaka 2010, Katiba ile ilikuwa imebadilishwa zaidi ya mara 30.

Ninachokiona katika orodha hiyo, kuliko idadi ya kura, ni mwendo. Mwananchi wa Kitui au wa Kisumu alisikia redioni kwamba Katiba yake imekwisha kubadilika, na hakuna siku aliyopewa ya kujua kwamba inakaribia kubadilika. Wabunge walikuwepo na kura zilihesabiwa, lakini muda wa kupinga haukuwepo.

Kifungu cha 256 cha Katiba ya sasa kimejibu hali hiyo kwa sentensi isiyo na mbwembwe. Mswada wa kurekebisha Katiba hauwezi kusomwa mara ya pili katika bunge lolote kati ya mabunge hayo mawili kabla ya siku 90 kupita tangu usomwe mara ya kwanza, na Bunge linatakiwa kuutangaza na kuwezesha umma kuujadili. Wanaoushutumu ugumu huu hutaja thuluthi mbili na kura ya maamuzi. Siku 90 hawazitaji sana. Kwangu mimi ndizo zenye uzito kuliko vyote, kwa sababu kura ya thuluthi mbili inaweza kununuliwa, kutishwa au kushawishiwa, lakini miezi mitatu haifupishwi na mtu mwenye haraka.

Mwaka 2024 tuliuona muda huo ukifanya kazi yake. Seneta Samson Cherargei aliwasilisha mswada uliotaka, pamoja na mengine, kuongeza muhula wa Rais, wabunge, magavana na wawakilishi wa wadi kutoka miaka 5 hadi 7. Seneti ilipowaalika wananchi watoe maoni, maoni yalimiminika kwa maelfu. Jirani yangu, mshonaji wa nguo, alinipa simu yake nimwandikie barua pepe kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Alizungumza huku akipima kola ya sare ya shule kwa utepe wake, na aliniomba niandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwamba ile mitano yenyewe imemchosha. Baadaye kamati ya Seneti ilipendekeza mswada ukataliwe. Hata kama ungepita Bungeni, muhula wa Rais ni miongoni mwa mambo 10 yaliyotajwa katika Kifungu cha 255 ambayo lazima yaende kwa wananchi katika kura ya maamuzi. Majirani zetu wa Uganda hawakuwa na ulinzi huo: ukomo wa mihula uliondolewa mwaka 2005 na ukomo wa umri wa Rais mwaka 2017, mara zote mbili kwa kura za wabunge.

Upande wa pili una jibu, na jibu lake ni BBI, mpango wa kurekebisha Katiba ulioongozwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Mswada ule ulipendekeza angalau asilimia 35 ya mapato ya taifa ziende kwenye kaunti badala ya asilimia 15, jambo ambalo kaunti nyingi zilikuwa zikililia, nalo likazama pamoja na mengine yote mahakamani. Hasara hiyo ni ya kweli na sitaipamba. Lakini uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 31 Machi 2022 husimuliwa vibaya. Majaji wengi waliikataa nadharia kwamba kuna muundo msingi wa Katiba usioguswa kamwe. Maana yake ni kwamba hakuna kifungu kilichofungwa milele, na kila kitu kinaweza kurekebishwa, mradi njia ifuatwe. Walichokataa ni Rais kuianzisha njia iliyotengewa wananchi, na majimbo mapya 70 ya uchaguzi yaliyoingizwa bila umma kushirikishwa ipasavyo. Sioni vipi mtu anaweza kuuita huo ukaidi wa Katiba.

Pale ninapokubaliana na walalamikaji ni kwenye Kifungu cha 257, njia ya saini milioni moja. Kampeni ya Okoa Kenya ilikwama mwaka 2016 kwa saini zilizohesabiwa kuwa 891,598, na Punguza Mizigo, iliyotaka kupunguza idadi ya wabunge, ilivuka milioni lakini ikaangushwa mwaka 2019 na mabunge ya kaunti. Wanasiasa kuwa na funguo za mlango wa wananchi ni jambo la kuzungumzwa upya. Hata kabla ya hapo, karatasi ya saini inayopitishwa sokoni ingepaswa kuambatana na mswada wenyewe kwa Kiswahili, kwa kuwa Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa, na mtu hawezi kusemwa ameunga mkono hati ambayo hakupewa nafasi ya kuisoma. Marekebisho ya namna hiyo ningeyatilia saini yangu leo.

Waandishi wa Katiba ya 2010, nadhani, walikuwa na kumbukumbu ya mwaka 1965 walipoiandika orodha ile ya mambo 10, kwa sababu la kumi ni Sura ya 16 yenyewe. Anayetaka kuzifupisha siku 90 atalazimika kwanza kuzingoja zipite, kisha apate thuluthi mbili katika mabunge yote mawili, kisha aende kwenye kura ya maamuzi ambako angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24, na wengi wa wapigakura wamkubalie.