Tulioana Desemba, ritani kila mtu anajaza yake

Tulifunga ndoa Desemba 20, hapa Minneapolis, kwa baridi ya kugandisha kope. Februari mume wangu akaniwekea mezani boksi la viatu limejaa risiti: za mafuta, za kubadilisha oili, na moja ya vitunguu na nyanya. Yeye ni dereva wa kubeba abiria wanaoita gari kwa simu, hana mwajiri wa kumkata kodi. Mimi nahudumia wazee, na yangu inakatwa kila baada ya wiki 2, hela hata sijaiona.

Nilikuwa nimejiandaa kujaza ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, kama asiyeolewa, maana miezi 11 na ushee sikuwa na mume. Kumbe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huangalia siku moja tu, Desemba 31. Ikikukuta umeolewa, umeolewa mwaka mzima, hata kama hina bado haijafutika mikononi. Ila iwe ndoa inayotambuliwa na sheria. Nikahi iliyofungwa Zanzibar kwa sheria ya kule inahesabika. Iliyosomwa sebuleni hapa Minnesota bila leseni ya kaunti, hapana.

Basi zinabaki njia mbili: pamoja, au kila mtu yake. Mashangazi wa huku watakwambia jazeni pamoja, mtarudishiwa nyingi. Mara nyingi wanasema kweli, hasa mmoja akiwa na kipato kikubwa na mwenzake kidogo. Wanaojaza mbalimbali wananyimwa nafuu ya ada ya chuo na ya riba ya mkopo wa masomo, na wengi wao ile ya wenye kipato kidogo pia. Sisi vipato vyetu vinakaribiana na hakuna anayesoma. Kiwango kisichotozwa kodi kwa mwaka 2025 ni dola 31,500 kwa wanaojaza pamoja na 15,750 kwa kila anayejaza peke yake. Gawanya mwenyewe.

Kilichonizuia ni saini. Ukisaini ritani ya pamoja, kodi yote ni yako na yake, na riba na faini juu, hata mkiachana kesho. Ipo fomu 8857 ya kuomba uondolewe mzigo wa mwenzako, lakini kwa kawaida itabidi uonyeshe kwamba hukujua wala hukuwa na sababu ya kujua. Mimi boksi nimeliona kwa macho yangu!

Na kuna jambo ambalo sijamsikia shangazi yeyote akilitaja. Mkijaza mbalimbali mwaka huu, mna miaka 3 tangu tarehe ya mwisho ya kujaza kubadili iwe ya pamoja, kwa fomu 1040-X. Mkijaza pamoja, ikishapita Aprili 15 hamwezi kurudi kila mtu kwake. Kwa ndoa ya miezi 2 na boksi la viatu, nachagua ile ninayoweza kuibadilisha.

Mama mkwe aliposikia, akauliza kwenye simu kama tumeshaanza kugombana. "Hapana mama, tunahesabu tu." Hakuridhika.

Walioko Texas au California wasinifuate kichwakichwa. Kule mapato ya baada ya harusi ni ya wote wawili, na hata mkijaza mbalimbali mnagawana nusu kwa nusu kwenye ritani. Na kama mwenzako bado yuko Dar anasubiri viza, kujaza naye pamoja ni kukubali ahesabiwe kama mkazi wa Marekani. Duka lake la Kariakoo nalo litaandikwa.

Sasa hivi tunapanga risiti kila Jumapili jioni. Angeandika maili kwenye daftari, mwaka 2025 kila maili ya kazi ilimpunguzia senti 70 kwenye kipato kinachotozwa kodi, na risiti za mafuta na oili zisingehitajika kabisa. Tumefika risiti za Juni. Ile ya vitunguu nimemrudishia.